Kipande Kizito

Ananie alikuwa na mzani ndani ya mkono wake wa kushoto. Ukimpelekea radio, hakuifungua kwanza, wala hakuuliza inaumwa nini. Aliipokea, akaipandisha kidogo hewani, akaishusha, kama mama anayepokea mtoto wa jirani ili ajue kama anakula vizuri nyumbani kwao. Kisha alisema: “Hii iko ya kweli,” ama alisema: “Hii ni bongo.” Ya kweli ilikuwa nzito. Ya bongo, yaani ya uwongo, ilikuwa nyepesi. Na wafanyabiashara wa Butembo, watu ambao wangeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukawashukuru, walikuja kumwonyesha mali kabla ya kuinunua, kwa sababu ule mkono haukuwa umekosea hata siku moja.

Alizaliwa Kasugho, kule ambako msitu unaanzia nyuma ya jiko. Baba yake alilima kahawa, na kahawa ilipimwa kwa mkono kabla ya kufika kwa mnunuzi, ili mnunuzi asikudanganye. Mkono ulitoka huko. Ufundi ulitoka misheni ya Waprotestanti, ambako alifagia chumba cha radio za wamisionari mpaka siku moja wakamkuta ameifungua moja na kuifunga tena, na inaimba vizuri kuliko zamani. Alipooa Kaswera walihamia Butembo, akapata kibanda cha mbao karibu na soko: meza, jiko la makala, yaani makaa, la kupashia chuma chake cha kuunganisha nyuzi, na bati la paa ambalo juu yake alianika mawe ya radio, betri zilizochoka, ili jua lizipe nguvu tena.

Vita vilipofika, kibanda kilijaa. Ni jambo la ajabu, lakini ni hivyo: watu wanaweza kukaa mwaka mzima na radio mbovu kabatini, ila siku bunduki zikianza kulia mahali fulani, kila mtu anakumbuka kuitengeneza. Anataka kujua ni nani amechukua mji gani, na anaelekea wapi. Basi Ananie alijua mambo kabla ya habari zenyewe. Zikija radio mbili tatu, barabara ni nzuri. Zikija kwa vikapu, alirudi nyumbani mapema na kumwambia Kaswera: “Mama, tia unga ndani ya mufuko. Kuna kitu inakuya.”

Mtoto wao wa kwanza, Mumbere, aliondoka na vita vya kwanza. Alikuwa bado hajamaliza shule. Alipita askari mmoja na wimbo, na watoto wa mtaa mzima wakafuata wimbo. Wengine walirudi. Mumbere hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amelala wapi.

Sasa ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, vita vya pili, na mtoto wa pili, Éliakim, alikuwa amefikia umri aliokuwa nao kaka yake alipoondoka.

Éliakim alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye vidole vyembamba kama vya mpiga gitaa. Alijifunza kuandika kwa ordinateur, yaani kompyuta, katika kibanda kimoja cha kuchapia kazi za wanafunzi wa chuo, mpaka mwenye kibanda alipofunga na kukimbilia Kampala na mashine zake zote. Tangu siku ile Éliakim alikaa kwenye kizingiti cha mlango akitazama barabara. Rafiki yake Muyisa alikuwa amekwisha kwenda kwa wapiganaji wa mlimani. Akatuma salamu: njoo, huku kuna chakula, na hakuna anayekupiga kofi kwenye bariera, kizuizi cha askari barabarani.

“Papa,” Éliakim alisema siku moja, wakila sombe, “mi sitaki kukudanganya. Siwezi kukaa hivi kama kuku ya kilema. Kama niko na machine yangu, naandikia banafunzi kazi zao, nitakaa hapa mpaka nizeeke. Kama haiko, Muyisa ananingoja.”

Kaswera aliacha tonge mkononi.

“Machine ya nani?” Ananie aliuliza. “Nani ana machine muzima katika hii vita? Ile muzima, basoda ba bariera banaichukua kabla ifike Beni.”

“Donc tusilete muzima. Tulete bipande. Weye ni fundi, papa. Tutaifunga sisi benyewe.”

Ananie alimaliza kula, akanawa. Halafu akasema, “Unionyeshe ni bipande gani.” Na usiku ule Kaswera alisikia mume wake akicheka peke yake gizani. Alikuwa hajamsikia akicheka tangu Mumbere.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Éliakim alichora juu ya mchanga wa uani: hili ni boîtier, sanduku la kuwekea yote. Hii ni alimentation, inayopokea moto kutoka kwa groupe, jenereta, na kuugawa. Huyu ni carte mère, mama wa wote, ubao ambao kila kipande kinashikamana naye. Hii ni mémoire, kama kichana kidogo. Disque dur, ghala. Na huyu, processeur, ndiye anayefikiri.

“Yote hiyo ili kuandika barua?” Ananie aliuliza.

“Yote hiyo, papa.”

Boîtier waliipata Butembo kwenyewe. Ilikuwa imeporwa kutoka ofisi fulani, ikatupwa, na mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akiitumia kama kiota. Kuku alikuwa ndani, juu ya mayai. Walingoja vifaranga vitoke ndipo wakaichukua, na Éliakim aliiosha mara nyingi lakini harufu ya manyoya haikuisha. Alimentation Ananie aliichagua kati ya nne, kwa mkono. Nzito kuliko zote, na ilikuwa nzuri kweli. Écran, kioo cha kuonyeshea herufi, ilitoka kwa padri mmoja aliyehama. Vipande vingine vilibaki mikononi mwa Kasika.

Kasika alikuwa dada mdogo wa Ananie. Aliuza viatu vya watoto. Alipanda magari ya mizigo kutoka Butembo mpaka Beni, Kasindi, akavuka mpaka Kampala, akarudi na mafurushi. Alikuwa mnene, na sauti yake ilitangulia kufika kabla ya yeye. Kila kipande cha mashine alikisokomeza ndani ya kiatu cha mtoto, akafunga kamba, akakaa juu ya furushi kama malkia.

“Yaya,” alimwambia Ananie, maana ndivyo alivyomwita kaka yake, siku alipoleta mémoire, “soda moja, askari wa bariera, alitia mukono ndani ya kiatu akatoa hiki kichana chako. Ananiuliza: ‘Mama, hii ni kitu gani?’ Nikamujibu: ‘Ni ya kuchanulia nywele ya batoto benye chawa.’ Akaitupa haraka! Akajipangusa mikono kwa suruali!”

Walicheka mpaka Kaswera akaketi chini.

“Sasa inabaki nini?” Kasika aliuliza akipangusa macho.

“Processeur tu,” Éliakim alisema. “Ile ya carré, shangazi, kama biskuti. Na chini iko na miguu midogo mingi, kama mswaki. Carte mère tutachukua hapa kwa Jéthro. Iko na fasi ya carré, nimeiona kwa macho yangu.”

“Biskuti yenye miguu,” Kasika alirudia. “Bon. Nimeshika.” Na kesho yake akapanda gari.

Jéthro alikuwa mfanyabiashara aliyeleta vitu vilivyotumika kutoka Dubai. Duka lake lilikuwa refu na lenye giza, na yeye alikaa mlangoni akila karanga. Ananie na Éliakim walipoingia kuchukua carte mère, Jéthro aliwawekea mbili juu ya gunia. Moja ilikuwa ile aliyoiona Éliakim: mpya, nyembamba, katikati na mahali pa mraba pa processeur. Nyingine ilikuwa ya zamani zaidi, pana, nene, na badala ya mraba ilikuwa na mfereji mrefu, kama mdomo uliofumbwa.

Ananie alichukua ile nyembamba kwa mkono wa kushoto. Akaipandisha, akaishusha. Uso wake ukabadilika.

“Jéthro, hii ni jani ya muhogo.”

“Ananie, usipime mali yangu kama nyama ya pori,” Jéthro alisema. “Chukua ao acha.”

Akachukua ile pana. Ah! Mkono ulishuka wenyewe, kama unavyoshuka ukipewa mtoto aliyeshiba.

“Papa,” Éliakim alinong’ona, “ile nyepesi ndiyo ya sasa. Na shangazi tumemuagiza biskuti. Hii nzito haina fasi ya biskuti.”

“Fasi inatengenezwa. Nimetia roho ya radio ya Japon ndani ya radio ya Philips, ikaimba. Kipande gani kimekwisha kukataa mukono wangu?”

“Ordinateur hapana radio, papa.”

“Kitu ni kitu,” Ananie alisema. “Hii nyepesi itakufa siku ya kwanza, na utakwenda kwa Muyisa siku ya pili. Mi nataka kitu ya kukaa.”

Éliakim alimtazama baba yake. Pengine angebishana siku nyingine. Lakini alisikia neno lile la mwisho, akaona jinsi baba alivyoikumbatia carte mère ile kifuani kwa mikono miwili, akaiacha ile nyembamba juu ya gunia. Wakarudi nayo nyumbani.

Kasika alirudi na biskuti yenye miguu, kama alivyotumwa, ndani ya kiatu chekundu cha mtoto anayeanza kutembea. Kilikuwa kitu kidogo, kizuri, kinang’aa upande mmoja kama kioo. Ananie alikiweka juu ya ile carte mère. Akakizungusha. Akakisimamisha wima kwenye mfereji, kikaanguka. Aliwasha makala, akapasha chuma chake, akavaa miwani, akainama. Miguu ya processeur ilikuwa midogo kuliko nywele na mingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Kila mmoja ulikuwa na mahali pake, na Ananie hakujua hata pa mmoja.

Alikaa vile mpaka chuma kikapoa.

“Imekataa?” Kasika aliuliza.

“Imekataa.”

“Eh! Yaya, leo mukono wako umelala usingizi,” Kasika alisema, akitaka wacheke. Hakuna aliyecheka.

Éliakim alikimbia kwa Jéthro. Ile nyembamba ilikuwa imeuzwa, imekwenda Kirumba na mnunuzi asiyejulikana jina. Jéthro aliitazama ile nzito kwa mbali na kusema kwamba mfereji ule unataka processeur ya namna nyingine, pana na ndefu, iliyofunikwa plastiki, mfano wa kaseti ya muziki. “Kampala ziko mingi,” alisema. “Batu hawazitaki tena.”

Basi jioni ile walikaa uani wote wanne, na biskuti imelala juu ya kigoda kama kitu kilichofanya kosa.

“Nitarudi nayo, babadilishe,” Kasika alisema. “Nililala Kampala miaka yote hii, nitalala tena.”

“Barabara si nzuri,” Kaswera alisema. “Ananie, sema kweli. Radio zimekuya ngapi leo?”

Ananie aligeuza ile biskuti juu ya kigoda. Zilikuwa zimekuja kwa vikapu.

“Kasika, ungoje kwanza,” Kaswera aliendelea. “Wiki moja, mbili. Ile machine haina miguu, haitakimbia.”

Machine haikuwa na miguu, kweli. Lakini Éliakim alikuwa nayo. Begi lake lilikuwa limeangikwa msumarini nyuma ya mlango tangu asubuhi, limefungwa, na kila mtu uani pale alikuwa ameliona na kujifanya hakuliona. Muyisa alikuwa ametuma salamu tena.

“Yaya,” Kasika alisema polepole, “sema weye. Niende ao nikae? Mi nitafanya vile utasema.”

Ananie alitazama msumari. Alimtazama dada yake, viatu vyake vya plastiki vilivyopasuka kisigino, yeye aliyeuza viatu vya watu wote.

“Nenda,” alisema.

Akaenda. Kampala alifika salama. Hilo walilijua kwa sababu dereva mmoja aliwaambia amemwona Kasindi akirudi, amekaa juu ya mafurushi, anagombana na mtu juu ya nafasi, sauti yake inasikika mpaka ng’ambo. Beni pia alifika. Pale watu walisema msafara wa magari utaondoka kesho na walinzi. Gari moja tu lilikuwa tayari kuondoka siku ile, bila walinzi, na Kasika alipanda hilo. Kwa nini hakungoja msafara? Wengine wakasema alikuwa mbishi. Ananie alijua sababu. Dada yake alikuwa ameliona begi msumarini.

Kwenye mlima kabla ya Maboya gari lilikuta mti umelala barabarani. Nani waliokata mti? Wengine walisema ni hawa, wengine walisema ni wale. Walichukua saa, pesa, mbuzi wawili, na mafuta ya gari. Walipiga risasi kwa sababu dereva alirudi nyuma, na risasi ikampata yule aliyekaa juu kabisa. Viatu vya watoto hawakuvitaka.

Walimleta Kasika juu ya pick-up, amefunikwa kitenge chake mwenyewe, na furushi pembeni yake. Damu ilikuwa imeingia mpaka katikati ya furushi. Mama wa ukoo walilifungua, wakateka maji, wakaosha kila kitu kama inavyotakiwa kwa mali iliyolala na marehemu. Waliosha viatu kimoja kimoja, wakavianika viwili viwili juu ya majani nyuma ya nyumba. Ndani ya kiatu kimoja, cha buluu, walikuta kitu cheusi kama kaseti ya muziki. Hawakukijua. Nacho walikiosha, wakakianika katika mstari, kati ya viatu.

Ananie alikipita mara nyingi siku ile akienda na kurudi. Hakukigusa.

Kilio, yaani matanga, kilikuwa kwake, kwa kuwa Kasika hakuwa na mume tena. Watu walijaa uani, wakaimba nyimbo za kanisa, mama walilala sakafuni juu ya majani ya ndizi. Mzee Ézéchiel, baba mkubwa wao kutoka Kasugho, alifika kwa miguu. Baada ya mazishi alisimama na kusema yale ambayo husemwa, na ambayo kila mtu aliyajua.

“Ndugu ya tumbo moja hashiki chuma. Hapana jembe, hapana kisu, hapana nyundo. Mutu wa hii nyumba asitoke kwenda safari. Tunakaa na Kasika mpaka tumunyolee nywele zetu, halafu kilio inaondoka na kila mutu anarudi kwa kazi yake. Nani anavunja kilio, amemufukuza marehemu mbele hajapumzika.”

Watu waliitika. Ananie naye aliitika.

Lakini alasiri alipokwenda nyuma ya migomba, alisikia sauti. Éliakim alikuwa na vijana watatu wa mtaa, wamechuchumaa.

“Siku banaondoa kilio, tunapanda mulima,” Éliakim alikuwa akisema. “Mbele ya ile siku hapana. Shangazi yangu lazima apumzike. Mais siku ile ile, naenda. Nitajua ni nani alikata ule muti.”

Ananie alirudi na kuketi kati ya wanaume. Wimbo ulipita juu ya kichwa chake kama mvua juu ya bati. Alifikiri hivi: siku ya kuondoa kilio nitaruhusiwa kushika turnevisi, bisibisi yangu, na siku ile ile mtoto atakuwa amekwenda. Machine itakayowaka baada ya kilio itawaka kwa ajili ya nani? Kama inataka kumzuia, ni lazima iwake sasa.

Kesho yake mchana, watu walipokuwa wakigawiwa maharage, aliinuka kama mtu anayekwenda chooni. Alipita kwenye majani, akainama, akaokota kile kipande cheusi kati ya viatu. Kilikuwa kimekauka, kina joto la jua. Akavuka ua wa jirani mpaka kibandani kwake, ambako vipande vyote vilingoja chini ya gunia. Jirani wa kibanda alikuwa na groupe ndogo ya kunyolea nywele. Ananie alimwomba. Yule alimtazama, akatazama upande wa nyumba ya kilio, akatoa kamba ya kuwashia.

Ananie alishika turnevisi. Aliingiza kile kipande katika mfereji. Kikaingia, kikalia *ka*, kama mlango wa nyumba iliyojengwa vizuri. Akafunga kichana, ghala, alimentation, écran. Unyoya mmoja wa kuku ulitoka pembeni ya boîtier, akauacha. Kisha akavuta kamba ya groupe.

Groupe inapolia Butembo kila mtu anaisikia, kwa maana mji hauna umeme mwingine. Kule kwenye kilio wimbo ulikatika katikati ya ubeti. “Ni nani anawasha groupe katikati ya kilio?” mama mmoja aliuliza. Wakaanza kuja. Mzee Ézéchiel mbele na fimbo yake, Kaswera na kichwa wazi, wanaume, mama wenye majani ya ndizi bado mgongoni, na Éliakim.

Écran ilikuwa nyeusi. Halafu boîtier ikapiga mlio mmoja mfupi, na herufi nyeupe zikapanda kutoka chini, mstari kwa mstari, haraka kuliko mtu anavyosoma. Iliwaka. Baada ya maji yale yote na damu ile yote, iliwaka siku ya kwanza, mara ya kwanza.

Ananie aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, na watu walioona uso ule hawakuweza kuusahau.

“Éliakim! Angalia! Inafikiri! Kuya, mwanangu, kuya ukae, iko yako!”

Hakuna aliyesogea. Mzee Ézéchiel aliitazama turnevisi mkononi mwa Ananie.

“Ananie,” alisema taratibu, “chuma.”

“Papa,” Éliakim alisema, “ulishindwa kungoja?”

“Ni juu yako, usiende. Nilisikia pale kwa migomba. Ulisema kilio ikiisha unaenda. Ningengoja namna gani?”

“Juu yangu.” Éliakim alitikisa kichwa kama mtu aliyepigwa. “Shangazi alirudi Kampala juu yangu. Akapanda ile gari juu yangu. Na leo unaharibu kilio yake, juu yangu tena? Nitabeba ngapi, papa? Nilikuambia ile nyepesi. Nilikuambia!”

“Éliakim,” Kaswera aliita.

Éliakim alisogea karibu na écran. Kwa kitambo vidole vyake vyembamba viliinuka vyenyewe, kama vinavyoinuka vya mtu aliyezoea, vikatafuta mahali pa kukaa, vikakosa. Herufi zilikuwa zimesimama. Mstari wa mwisho ulikuwa unawaka na kuzima.

“Inasema nini?” Ananie aliuliza. Lugha ile hakuijua.

“Inasema clavier haiko.” Clavier, ubao wa herufi, hawakuwa wamenunua. Éliakim mwenyewe alikuwa amesema, zamani kidogo, kwamba hicho atakichagua yeye, kwa sababu ni mikono yake itakayokaa pale kila siku. “Inangoja mutu afinye.”

Kisha akapita kati ya watu. Mzee Ézéchiel alimshika mkono. “Mutoto, kilio haijaisha. Mutu wa nyumba hatoki.”

“Kilio gani, babu?” Éliakim alisema bila hasira. “Papa amekwisha kuivunja. Ingalinifunga. Sasa haifungi mutu.”

Mzee alimwachia. Alikuwa ametoka Kasugho na mpango wake: siku ya kunyoa, mbele ya ukoo mzima, angemkabidhi Éliakim biashara ya shangazi yake na kumwapisha asiiache. Hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa maneno ya namna hiyo husemwa siku ya kunyoa. Sasa alisimama na fimbo yake.

Waliona begi likitoka mlangoni, likipanda barabara na wale vijana watatu, likipotea pale barabara inapopinda. Kaswera alikimbia nyuma yake mpaka kwenye kona. Alirudi akitembea.

Ananie alibaki kibandani. Aliketi mbele ya écran, turnevisi mapajani, na mstari ule ukawaka na kuzima, ukawaka na kuzima, mpaka mafuta ya groupe yakaisha.

Yuko pale mpaka leo, katika kibanda kile kile. Machine imefunikwa kwa kitenge. Wanafunzi waliosikia habari yake walikuja kuuliza kama inafanya kazi, na alijibu kwamba inafanya vizuri sana. Wakauliza kama wanaweza kuandikiwa. Alijibu kwamba mwenyewe hayupo. Mtu mmoja alimletea clavier akitaka kumuuzia, akamnyooshea aipokee, na Ananie akaweka mikono yote miwili chini ya meza.

Radio hazipimi tena. Unaiweka mezani, anaifungua, anatafuta uzi uliokatika kama fundi mwingine yeyote. Wenye mali ya Dubai wameacha kumwuliza ipi ya kweli na ipi ya bongo. Lakini radio ikipona, ni lazima ijaribiwe, na hapo ndipo wateja wanapochoka naye. Anaiwasha kwa sauti ndogo kabisa, anaitegea sikio lake peke yake, na kama msemaji ameanza kutaja majina ya vilima kunakopiganwa, hawezi kuirudisha. Wanaingoja. Wanagonga meza. “Fundi, si imepona? Lete basi!” Anawafanyia ishara ya mkono wangoje kidogo, wangoje jina moja tu limalizike. Na siku radio zinapokuja kwa vikapu, Kaswera hatii tena unga katika mfuko. Anakuja kibandani, anaketi kwenye kile kigoda, na wanasikiliza wote wawili.